Kabula Alivyonitangaza Mbele ya Wageni wa Gesijoto

Ndugu zangu wa kundi hili, leo nimeaibika mchana kweupe. Aliyeniaibisha ana pembe mbili na mkia. Naandika nikiwa nimekaa nje ya nyumba yangu, shati bado lina ute wa ng'ombe kwenye kola, na sijui nicheke au nijifiche. Acha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine (na mtasikia, maana kuna bodaboda aliyeshuhudia na ameshafika Kharumwa).

Wengi mnajua mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji chetu. Kazi haina mshahara ila ina daftari. Wiki tatu zilizopita tuliambiwa serikali inaandaa mpango wa kupunguza gesijoto nchi nzima, zile hewa zinazoongeza joto duniani na kutuvurugia mvua. Mpango ulikuwa unataka hesabu za kweli kutoka huku chini: nani anapikia kuni, nani mkaa, nani ana ng'ombe wangapi. Wageni wangekuja kupokea hesabu na kusikiliza maoni. Daftari nikapewa mimi.

Nikazunguka kaya kwa kaya. "Semeni ukweli," nikawa nawaambia watu, "hii si kodi." Mzee Luhende, ambaye zizi lake linanukia mpaka shuleni, akaniambia ana ng'ombe watatu. Nikamwangalia. Akaniangalia. Nikaandika watatu.

Kwa nyie mnaokaa mbali, nieleze kidogo. Huku kwetu ng'ombe hawahesabiwi hovyo. Marehemu baba alikuwa ananikataza hata kuwanyooshea kidole. Halafu wazee wanaamini kwamba mgeni akishahesabu ng'ombe wako, neno linalofuata ni "punguzeni". Sasa huu mpango una hilo neno kwenye jina lake! Watu wakaunganisha. Na mimi niliyehudhuria semina ya siku mbili Kahama, niliyekula wali na kuku wa mpango huohuo, nikaunganisha pia. Nilipofika kwenye mstari wa kaya yangu, nikaandika: wanne.

Ninao kumi na tisa. (Haya, nimesema. Kuficha hakuna maana tena.)

Walianza wakiwa ndama wawili. Nilipoacha uchimbaji wa dhahabu, duara letu, yaani shimo tulilochimba kwa pamoja, lilikuwa limetoa kidogo. Wenzangu wakanunua pikipiki, mimi nikanunua ndama. Sasa kati ya hawa wote yupo mmoja anaitwa Kabula, kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Mama yake alikufa wiki hiyohiyo. Nikamlea mwenyewe kwa maziwa ya chupa ya soda, mimi mtu mzima, nimechuchumaa zizini nabembeleza ndama. Mpaka leo jioni nikimwita huja kulamba chumvi kiganjani kwangu. Siku hizi ndiye anayeongoza kundi. Akigeuka, wote wanageuka.

Mkutano ulipangwa saa nne asubuhi. Kulipokucha nikamwita Masanja, mdogo wake mke wangu, ndiye anayenichungia.

"Shemeji, leo wapeleke nyuma ya kilima. Usiwarudishe lamboni kabla ya saa nane."

"Kuna nini?"

"Wageni."

"Wageni wa ng'ombe?"

"Masanja, wapeleke!"

Akaenda. Nikavaa shati jeupe nikaelekea ofisi ya kijiji nikiwa nimejaa amani ambayo leo nikiikumbuka naona aibu.

Saa nne ikafika, wageni hakuna. Saa tano, hakuna. Mwenyekiti akapiga simu, akaambiwa gari limepata pancha. Tukakaa chini ya turubai, akina mama mbele, wanaume pembeni. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa mstari wa kwanza kabisa, amevaa kitenge chake cha harusi. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga. Hakuwa analia. Macho yake yamekuwa hivyo muda mrefu sasa, ni moshi wa mafiga. Masika yote yaliyopita alikohoa, na zahanati walimwambia jambo moja tu: mama, punguza moshi. Angeupunguzaje? Kuni ndizo tulizonazo. Mtungi wa gesi tulinunua, ukaisha, na kuujaza ni safari ya mjini.

Wageni wakafika saa nane kasoro robo. (Hapo ndipo nilipaswa kukumbuka kilima. Sikukumbuka.) Walikuwa watatu, na kiongozi wao alikuwa mama mpole mwenye miwani, mtaalamu kutoka Dodoma. Akatuamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, akaomba radhi kwa kuchelewa, akaanza kutuelimisha. Akasema ukikata mti kwa ajili ya mkaa, unatoa hewa chafu mara mbili, tanurini na jikoni. Tukakubali. Akasema ngitili zetu, yale malisho tunayoyafunga mvua zikianza tuje kulishia kiangazi, ni msaada mkubwa kwa nchi. Tukapiga makofi, maana hizo ni zetu tangu mababu. Kisha akasema ng'ombe anapocheua anatoa gesi mdomoni, nayo inaongeza joto la dunia.

Mzee Luhende akasimama na fimbo yake, akamwita mama kwa kilugha chetu.

"Mayu, nikuelewe vizuri. Serikali sasa imefika mpaka kwenye mbweu za ng'ombe?"

Watu wakacheka mpaka turubai likatikisika. Yule mama naye akacheka. "Ndiyo, baba. Tumefika huko. Lakini hatujaja kumnyang'anya mtu ng'ombe."

Nikapewa kipaza sauti nisome daftari. Nikasoma kaya zote kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Ng'ombe wawili. Watatu. Hana. Mmoja. Mtu angesikia angedhani tunaishi kisiwani tunakula dagaa. Nikafika kwangu: "Kaya ya katibu mwenyewe, ng'ombe wanne."

Mama Neema akageuza shingo polepole. Hakujua. Nilikuwa nimemwambia nimeandika vizuri.

Yule mama mtaalamu akashukuru, akafungua karatasi nyingine. Akasema kijiji chetu kimechaguliwa kwa majaribio ya mitambo ya bayogesi. Unachimba shimo, unajengea, unatia samadi na maji, gesi inakuja jikoni kwa bomba. Hakuna kuni. Hakuna moshi. Hakuna kuchangia ila nguvu zako za kuchimba. Samadi iliyokuwa inatoa gesi bure zizini inageuka kuwa moto wa chai.

Akina mama wakapiga vigelegele. Mama Neema alisimama kabisa.

"Sharti ni moja," akasema yule mtaalamu. "Ili samadi itoshe, kaya iwe na ng'ombe wasiopungua sita."

Vigelegele vikakatika. Mama Neema akakaa. Hakuniangalia tena, na hapo moyo wangu ukaniuma kweli.

Yule mama akapitisha kidole kwenye daftari langu, akapindua ukurasa, akapindua mwingine. "Mbona sioni hata kaya moja?" Kila mtu anajua ng'ombe wa kila mtu, lakini hapa kwetu mtu hataji ng'ombe wa mwenzake. Mwenyekiti alikuwa anakagua paa la ofisi. Mzee Luhende alikuwa anachora kitu chini kwa fimbo.

"Katibu," yule mama akaniambia taratibu, "kabla sijafunga hesabu. Hizi namba ni za kweli?"

Jamani, nafasi nilipewa. Ilikuwa mezani kabisa! Nilipaswa kusema hapana. Nilimtazama mke wangu na kanga yake machoni, nikafungua mdomo. Halafu nikafikiria kijiji kizima kinanitazama, mimi niliyewazungukia na "semeni ukweli". Nikainua kipaza sauti.

"Ni za kweli, mheshimiwa," nikasema. Sauti ikaenda mpaka lamboni na kurudi. Na kwa ujinga wangu nikarudia. "Za kweli kabisa!"

Nikasikia kengele ya ng'ombe.

Mwanzoni nilijipa moyo kwamba ni baiskeli ya mtu. Kisha nikaona vumbi chini kule kwenye lambo, na katikati ya vumbi pembe moja iliyopinda ninayoifahamu kuliko mkono wangu. Saa nane ilikuwa imeshapita, Masanja alikuwa amewaleta kunywa maji, na Kabula alikuwa amesikia sauti ya baba yake ikimwita kwa nguvu kuliko siku zote. (Kwa kipaza sauti! Lazima alidhani leo chumvi ni gunia zima.)

Akaja mbio. Kundi lote nyuma yake. Akina mama wakapisha wakishika vitenge, kamba ya turubai ikakatika upande mmoja. Kabula akapita katikati ya viti vya wageni bila kugusa hata kimoja, akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akanilamba shingo kutoka kola hadi sikio. Nikamnong'oneza, "Toka! Toka, nenda!" Nilikuwa nimesahau kwamba kipaza sauti bado kinawaka. Kijiji kizima kikanisikia namnong'oneza ng'ombe.

Akatafuta chumvi kwenye kiganja changu. Akakuta kipaza sauti. Akakinusa, akakilamba, na hapohapo akapiga mbweu.

Mbweu ndefu, ya ng'ombe aliyeshiba majani ya nyuma ya kilima. Ikatoka kwenye spika. Naambiwa imesikika mpaka senta, na kuna mtu alidhani trekta linawashwa.

Yule mama mtaalamu alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. "Wananchi," akasema, "hiyo ndiyo gesi yenyewe."

Hapo Masanja akafika mbio, anahema. "Shemeji! Si ulisema saa nane watakuwa wameshaondoka?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Watu walikuwa wamelala kwenye mabenchi kwa kicheko. Mwenyekiti alikuwa ameshika ukuta. Yule mama akasubiri watulie, akaniuliza, "Katibu, huyu ni wa nani?"

Hakuna aliyejibu kwa niaba yangu. Ndiyo mila, hata katika hali ile watu waliniheshimu. Kabula akanilamba tena.

"Wangu," nikasema.

"Na hawa wote?"

"Wangu pia."

"Wangapi?"

Nikamtazama Mama Neema. Macho yake yalikuwa mekundu kama kawaida, lakini safari hii yalikuwa yananitazama. "Kumi na tisa," nikasema. Mara ya kwanza maishani mwangu kuitamka hiyo namba mbele za watu. Mbingu haikuanguka.

"Na mmoja ana mimba," akaongeza Mama Neema kutoka mstari wa mbele.

Nilitegemea karipio. Yule mama akaniambia, "Ahsante sana, Katibu. Leo nimepata hesabu moja ya kweli, naweza kuanzia hapo." Akaeleza bila ukali: mpango wa nchi nzima unasimama juu ya madaftari kama hili langu, na tukiandika wanne badala ya kumi na tisa, hata msaada utakuja wa watu wenye wanne. Akafuta mstari wangu, akaandika upya kwa mkono wake. Mbele yake akaweka alama. Kaya ya kwanza ya bayogesi.

Mzee Luhende akasimama tena. "Mayu, na mimi nadhani nilikosea kidogo."

"Kidogo kiasi gani, baba?"

"Arobaini hivi."

Basi ikawa foleni. Nimeshika kalamu mpaka vidole vimekufa ganzi, natumia mgongo wa Kabula kama meza, maana alikataa kuondoka. Kila aliyefika alinisalimia kwanza kwa kupiga mbweu. Watoto wa shule nao wameshajifunza. Najua hizi mbweu zitanifuata mpaka uzeeni.

Lakini ndugu zangu, nimekaa hapa na moyo wangu umejaa shukrani, sijui niitoe yote kwa nani. Namshukuru yule mama kwa kutonifedhehesha zaidi ya nilivyojifedhehesha. Namshukuru Masanja kwa kufuata saa niliyomwambia. Naushukuru hata msumari uliotoboa tairi lao. Bila huo wangekuja saa nne, wangeandika wanne wangu, wangeondoka, na mke wangu angeendelea kukohoa kwa sababu ya kiburi changu.

Tuliporudi nyumbani Mama Neema hakunisema. Alichota beseni la pumba, akatia chumvi, akampelekea Kabula kabla hajaniwekea mimi chakula. Akampapasa shingo akasema, "Wabeja, mwanangu," yaani ahsante. Kisha akaniletea jembe na sururu, akanionyesha kwa kidole mahali shimo litakapochimbwa. Nimeshaanza. Nimefika magotini.

Basi chekeni, siwakatazi. Ila atakayekuja kunichekea nyumbani aje na kikombe chake, chai nitamchemshia kwa gesi ya Kabula.