Chupa Zisizozinduliwa

Kwa heshima na taadhima, nautangazia umma kwamba nchi yetu imejiunga rasmi na mataifa yanayojua kipi ni sumu na kipi si sumu. Kabla ya hapo tulikuwa tunajua kienyeji tu, kwa kunusa na kwa kuugua. Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Taifa ya Uainishaji na Uwekaji Lebo za Hatari za Kemikali. Kamati ilikaa miaka sita. Ilikaa sawasawa.

Lebo zenyewe zimeshachapishwa, maboksi themanini, kila moja na picha yake: fuvu kwa sumu ya kuua, moto kwa kinachowaka, kiganja kinacholiwa kwa asidi. Ziko stoo, chini ya kufuli mbili, zikimsubiri Mheshimiwa Waziri azizindue. Lebo isiyozinduliwa ni karatasi tu.

Sasa, wapo watu hawana subira. Mwanamke anayesafisha jengo letu, tunayemwita Mama Usafi, huchota asidi ya vyooni kwenye pipa na kuitia katika chupa tupu za maji ya kunywa, maana ofisi haijampa vyombo vingine. Nikakuta kila chupa ameichora fuvu kwa wino mzito.

"Mama, nini hii?"

"Fuvu, bosi."

"Asidi si fuvu. Asidi ni kiganja kinacholiwa. Ndicho kiwango cha kimataifa."

"Kiganja ninacho hapa, bosi." Akanionyesha, ngozi imebabuka mpaka kwenye kifundo. "Glavu nimeomba tangu mwaka juzi. Ila mtu akiona fuvu hagusi. Wiki iliyopita dereva wako alishafungua kizibo ndipo nikapiga kelele."

Nilisikitika sana, nikamwandikia barua. Afute mafuvu yote. Na kwa kuwa hana cheti, ni marufuku kwake kutambua, kubainisha wala kudokeza kilichomo kwenye chupa yoyote ndani ya jengo. Akirudia, kazi hana. Ana wajukuu watatu wanaomtegemea, kwa hiyo alifuta. Nami, kwa kuwa sina upendeleo, nikaagiza hata karatasi za kiwandani zibanduliwe kwenye chupa za maji ya ukumbini. Nazo zilikuwa lebo zisizozinduliwa.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika na feni zikagoma. Mheshimiwa alihutubia saa nzima juu ya usalama mpaka sauti ikamkauka. Akanyakua chupa mezani, akaifungua, akaifikisha mdomoni, akasita. Sakafu ilikuwa imetoka kudekiwa na ilinuka dawa kali.

"Katibu, haya ni maji?"

"Mheshimiwa, chupa hiyo bado haijaainishwa."

"Sijakuuliza hilo. Maji au si maji?"

"Kamati ndogo inaweza kukaa Jumatatu."

"Loo! Jumatatu si nitakuwa nimeshakaukia hapa!"

Watu mia mbili wakarudisha chupa zao mezani taratibu. Mheshimiwa akamwona Mama Usafi mlangoni. "Mama, hebu njoo utuambie."

Akaja, akatoa barua kwenye mfuko wa aproni. "Samahani, Mheshimiwa. Nimekatazwa hata kudokeza."

Akaisoma yote kwa sauti, hadi jina langu na cheo changu. Alisoma vizuri mno, na mimi sikufurahi.

"Ifute hiyo barua," Mheshimiwa akaniambia.

Nikaandika ufutaji nyuma ya hotuba yake, nikagonga muhuri. Muhuri natembea nao. Mama Usafi akasoma, akanirudishia.

"Glavu hazimo, bosi. Na zile lebo za stoo, nazihitaji leo."

"Mwandikie!" akafoka Waziri kwa sauti iliyobaki.

Nikaandika glavu. Nikaandika lebo. Nikaandika kwamba kufuli zote mbili zifunguliwe sasa hivi, jambo ambalo katika miaka sita halijawahi kuandikwa na Kamati. Mama Usafi akaikunja karatasi, akaiweka kifuani.

"Yote ni maji," akasema. "Asidi nimeifungia tangu asubuhi. Jamani, mlidhani ningewaandalia wageni sumu mezani? Mimi si kamati."

Ukumbi ulicheka. Itifaki haikuruhusu, lakini ulicheka. Mheshimiwa aliinua chupa yake, akaitazama sana, kisha akanisogezea.

"Katibu," akasema, "anza wewe."