Masikio ya Mtani

Jumanne, 15 Julai

Nimechoka. Nianze na hilo, maana ndilo la kweli kuliko yote nitakayoandika humu.

Leo nimekimbilia mabasi kumi na tisa. Sita hayakusimama kabisa. Moja lilisimama, abiria akachukua mahindi manne, dereva akaondoa gari, abiria akanipungia mkono kama ndugu tunaagana. Miaka sita sasa nachoma mahindi na mihogo hapa Mkata. Miguu inauma hata nikiwa nimelala.

Ndiyo maana nimeamua. Naenda chuo kikuu, nitasoma saikolojia! Fani yote nimeshaichunguza. Kazi yenyewe ni kukaa kwenye kiti. Mtu anakuja, anazungumza, wewe unasikiliza. Umekaa. Akichoka kuzungumza anaondoka, wewe bado umekaa. Sijui kwa nini watu wanahangaika na udaktari.

Tena nina kipaji. Mtu akidanganya mimi namjua kwa masikio. Yanacheza! Nililigundua kwenye madirisha ya mabasi: abiria anasema ameshiba, sikio linatikisika. Sijawahi kukosea.

Mama amesema, Hiza mwanangu, ukisoma nitafurahi. Masikio yake yalitulia. Halafu akauliza kama nakumbuka kwamba nilisema hivyohivyo kuhusu ufugaji wa nyuki. Hayo ni mengine. Wale nyuki walihama wenyewe.

Alhamisi, 17 Julai

Korogwe, kumwona Mwalimu Salome. Alinifundisha kidato cha nne, siku hizi ndiye mshauri wa wanafunzi shuleni kwake. Nilitaka anieleze fani ikoje. Nikamweleza mimi: kipaji changu, mpango wangu, miguu yangu. Saa mbili nzima! Hakupata nafasi ya kusema mengi, ila anasikiliza vizuri sana. Nadhani kazi hii inamfaa.

Mwishoni aliniuliza swali moja tu. Nikishamtazama mtu masikio, huwa nasikia anachosema? Nikamwambia hakuna haja. Akanimiminia chai nyingine. Nimechukulia kwamba amekubali.

Kiti chake kina mto. Alipotoka kidogo nilikikalia. Subhanallah!

Jumatatu, 21 Julai

Nimepeleka maombi. Nimechoka, lakini ni uchovu wa msomi.

Watu wote wa hapa huombewa vyuo na Deogratius, mwenye steshenari ya pembeni ya kituo, kwenye kompyuta yake anayoifunika kitambaa kama keki. Shida ni kwamba Deogratius ni mtani wangu. Babu yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge, Mnyamwezi kamili. Sisi Wazigua. Kwa hiyo ana ruhusa ya kunifanyia lolote, na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Kila akipita jikoni kwangu anabeba hindi bila kuomba. Bibi yangu alipofariki, alivaa khanga za marehemu akatembea katikati ya waombolezaji akichechemea kama yeye, akidai kuku wake. Watu walicheka mpaka machozi yakachanganyika. Hata mama. Mimi nilikasirika, nikatozwa jogoo.

Nikamtajia namba yangu ya mtihani wa kidato cha sita. Matokeo yakatokea: D mbili na E moja. Vigezo vinataka D mbili. Nimepenya tundu la sindano. Deogratius akauliza kama hizi alama nazo nilizichoma kwenye mkaa. Sikukasirika. Jogoo mmoja anatosha.

Tumejaza vyuo viwili, kote saikolojia. Hapo nikatumia akili. Kwanza, namba ya simu. Ukasha, anayeuza mayai ya kuchemsha karibu na jiko langu, huazima simu yangu kila siku kumpigia mchumba wake wa Kerenge, na ni mbea. Ujumbe wa chuo ukiingia atausoma yeye kwanza. Kwa hiyo nimejaza namba ya Deogratius mwenyewe. Pili, neno la siri. Mtani akilijua anaweza kunihamishia kozi ya ushonaji. Nimeliandika mwenyewe, nimefunika vidole kwa kofia.

Ujumbe uko kwake, ufunguo uko kwangu. Hata serikali haijipangi hivi.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimepatikana.

Saa nane, basi la Tanga linaingia, Deogratius ananipigia kelele kutoka mlangoni kwake. Ujumbe umekuja! Nikaacha jiko, nikaacha basi, nikakimbia. Dukani wateja wamejaa. Akainua simu akasoma kwa sauti ya mtangazaji: nimechaguliwa shahada ya kukimbiza mabasi, miaka minne, mafunzo kwa vitendo yatafanyika Mkata.

Duka zima lilicheka. Mahindi kumi na mawili yaliungua. Na masikio yake? Sikuyatazama! Nilikuwa na haraka. Ni uzembe wa kitaaluma na sitaurudia.

Halafu jingine. Ukasha naye ameomba saikolojia. Eti alinisikia nikiisifia. Ana C tatu! Miaka yote hii tumeuza pamoja hajawahi kuniambia kwamba ana C tatu.

Jioni nikalipa kisasi. Nilimwambia Deogratius kwamba nimemwona mama mkwe wake anashuka kwenye basi la Korogwe. Alifunga duka, akafagia uwanja, akaazima viti. Tumelingana. Lakini nimeapa hatanipata tena.

Jumatano, 17 Septemba

Anajaribu tena.

Amekuja hadi jikoni, anahema. Anasema vyuo vyote viwili vimenichagua. Eti mtu akichaguliwa na viwili lazima athibitishe anataka kipi, kwa namba iliyotumwa kwenye simu. Mwisho keshokutwa, Ijumaa. Nisipothibitisha, nafasi inapotea.

Nikatazama masikio. La kushoto likacheza! Kulikuwa na nzi, ni kweli, lakini nzi hawezi kuchezesha sikio namna ile.

Halafu alikosea utani wenyewe. Vyuo viwili? Mimi, mwenye D mbili? Mwongo mzuri angesema kimoja. Akaongeza kwamba kama nina kazi nyingi nimpe tu neno la siri, athibitishe yeye. Hapo ndipo nilipomshika! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hakucheka. Ni hodari sana.

Alhamisi, 18 Septemba

Ameongeza nguvu. Amepiga simu mara tatu asubuhi. Saa tano amekuja na mama yangu!

Mama anasema ujumbe ameusoma kwa macho yake, na jina langu limo. Alikuwa amejitanda mtandio, masikio hayaonekani. Ushahidi umefichwa. Nikamkumbusha kwamba hata msibani alikuwa upande wa Deogratius. Mama akasema nimeota sikio la kufa, akaenda sokoni.

Ukasha naye akaingilia. Anasema kachaguliwa, na kathibitisha kwa simu ya kuazima akiwa amekaa juu ya ndoo yake ya mayai, haikuchukua dakika tano. Kaka, thibitisha, ananiambia, twende wote. Nikamwambia amwambie aliyemtuma kwamba nimeshtuka.

Mchana Deogratius akaapa kwa kaburi la babu yake. Nilimpigia makofi.

Nimechoka kuwa na akili peke yangu.

Ijumaa, 19 Septemba

Deogratius alifunga duka saa tisa. Ijumaa, siku ya wateja! Akaja akakaa juu ya debe karibu na jiko langu, simu mkononi. Kila baada ya muda anasema bado muda upo. Akasema leo yeye si mtani wangu, ni Deo tu. Nikamwambia hayo ndiyo maneno ambayo mtani angesema.

Alikaa mpaka adhana ya magharibi. Kisha akainuka akaondoka. Hakuchukua hindi.

Hapo nilipaswa kujiuliza. Sikujiuliza. Basi la Arusha lilikuwa linaingia.

Jumapili, 21 Septemba

Nilikwenda steshenari kufurahia ushindi wangu. Nikamwambia Deogratius anionyeshe huo ujumbe wake, tucheke pamoja, yaishe.

Akanipa simu. Nikausoma. Nikausoma tena. Haukuwa umeandikwa na Deogratius. Mtu huyu hawezi kuandika mistari mitatu bila kunitukana. Nikafungua akaunti kwa neno langu la siri, kofia nimeishika mkononi. Vyuo viwili. Saikolojia, saikolojia. Chini yake maandishi mekundu: muda wa kuthibitisha umekwisha.

Vilinitaka viwili. Mimi, wa D mbili.

Nilikaa kwenye benchi la wateja. Miaka sita sijakaa mchana, na sikuona raha yoyote. Nilimsubiri Deogratius acheke. Angecheka ningejua la kufanya. Alifunika kompyuta kwa kitambaa, akaniletea maji ya kunywa.

Nyumbani mama hakunisema. Aliweka ugali na mlenda, akasema maji yakimwagika hayazoleki, akaenda kuswali. Nimelia. Jirani alipouliza nikasema ni moshi wa mahindi, ingawa leo sikuwasha jiko.

Jumanne, 30 Septemba

Ukasha ameondoka. Shati jipya, begi la magurudumu. Ndoo yake ya mayai ameniachia mimi, niikalie.

Basi lake lilipoanza kutembea nilikimbia kando ya dirisha, kwa mazoea, nikampa mahindi mawili ya safari. Akayapokea. Alikuwa amekaa. Akanipungia mkono kama yule abiria wa mahindi manne. Sikumwonea wivu. Ninaandika hivyo kwa sababu kitabu hiki hakina masikio.

Jumatano, 1 Oktoba

Deogratius amekuja asubuhi na mapema. Anasema limefunguliwa dirisha la mwisho la maombi. Chuo kimoja kati ya vile viwili bado kina nafasi chache za saikolojia. Amenijazia kila kitu, na safari hii ameweka namba yangu mwenyewe. Kilichobaki ni mimi kufika dukani, kuweka neno la siri, kubonyeza. Mwisho Ijumaa. Baada ya hapo, mpaka mwakani.

Mama alikuwapo. Akanitazama. Akaniuliza kwa upole kama kuna nililojifunza.

Nimejifunza, nikamwambia. Na ni kweli. Usiku kucha nimepitia makosa yangu kama msomi. Mwezi uliopita sikio la Deogratius lilicheza, na kumbe alikuwa anasema kweli. Kipaji changu ni kizima, ila nilikuwa nakisoma kichwa chini, miguu juu. Sikio linalocheza ni la mkweli. Linalotulia ndilo la mwongo.

Kwa hiyo safari hii sikuwa na haraka. Nilimzunguka. Nikatazama la kushoto, nikatazama la kulia. Nikahakikisha hakuna nzi. Masikio yote mawili yalikuwa yametulia tuli.

Nikampa hindi zuri, la moto, kwa kuwa sina kinyongo na mtani. Nikamwambia nitapita Jumatatu.