Kuhusu Malkia Mliyemuua Bila Kumwachia Neno la Mwisho

Mwajuma Nassoro,
Mlola,
Lushoto.

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Televisheni ya Kilele,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Assalaam alaykum. Umri wako siujui, kwa hiyo shikamoo naitanguliza hapa. Kama wewe ni mdogo kwangu, utanirudishia siku tukionana. Sisi huku hatujambo, baridi tu, na kabichi mwaka huu zimekubali.

Mimi ni mkulima, nimeishia darasa la nne, na barua hii naiandika kwa mkono wangu. Mistari ikipanda juu mnisamehe, kwetu kila kitu kinapanda juu. Nataka kutoa maoni kuhusu tamthilia yenu ya Taji la Ukungu, msimu wa nne, mazuri yake na mabaya yake. Mwisho wa kila sehemu mnaandika pale chini kwamba maoni ya watazamaji mnayathamini sana. Nimefurahi kujua. Haya, yathaminini.

Kwanza niseme ukweli nisije nikaitwa mnafiki. Malkia Orena, yule mliyemuua, sauti yake ya Kiswahili ni ya mwanangu Hidaya. Yule dada wa ughaibuni anayeonekana kwenye picha simjui. Midomo ni yake, sauti nimeizaa mimi. Lakini siandiki kwa sababu ni mwanangu. Hata angekuwa mtoto wa jirani ningeandika. Ningeandika kwa ufupi zaidi, ila ningeandika.

Nianze na mazuri, maana nimelelewa.

Joka la msimu huu ni zuri kuliko la zamani. Magamba unayahesabu. Nguo za wafalme nazo zimepigwa pasi vizuri, hata vitani. Na ile sehemu ya pili, malkia alipowafokea majemadari wake akawaambia, "Mmekaa hapo kama viazi vinavyosubiri kuota!", sebule yangu nzima ilipiga makofi. Baba Hidaya peke yake hakupiga. Alinigeukia akasema, "Hayo maneno si ya malkia, Mwajuma. Hayo uliniambia mimi, siku ile paa linavuja." Ni kweli. Hata namna ya kulivuta lile neno la mwisho ni ya Mlola, haikusomwa kwenye karatasi yenu. Sidai kitu. Nafurahi tu kuona ufalme mkubwa namna ile unaongozwa kutoka jikoni kwangu.

Zuri kubwa zaidi ni hili, na nadhani hamlijui. Hidaya hajaja nyumbani tangu msimu wa pili, mwaka na nusu sasa, kwa sababu malkia ana maneno mengi. Akinipigia simu jibu ni moja tu: "Nipo salama mama, nakula." Nikimuuliza unakula nini, anasema chakula. Kwenye simu ndiko anakoigiza, Ndugu Mkurugenzi. Kwenye tamthilia hawezi kunidanganya. Msimu wa tatu, malkia alipotangaza vita na watu wa Kaskazini, kila mtu alishika roho yake. Mimi nikasema, huyu ana mafua, analala na feni. Nikamtumia tangawizi na asali. Wiki ya tatu yake akamhukumu waziri wake kunyongwa kwa sauti safi kabisa, pua wazi, nikamshukuru Mungu.

Jirani yangu Secilia anapenda kuniambia, "Lakini Mama Hidaya, zile sauti wanazirekodi mapema, hayo mafua ni ya zamani." Mafua ya zamani ni mafua vilevile. Kwa hiyo kila Alhamisi saa moja jioni mwanangu alikuwa sebuleni kwangu, nampima, anaamrisha watu wakatwe vichwa, na mimi najua kama amelala vizuri.

Sasa mabaya. Nimeyapa namba ili msichanganye.

1. Safari. Msimu wa kwanza, kutoka Ngome ya Mawe mpaka Bandari ya Chumvi walitembea sehemu nne nzima. Waliugua, waligombana, mmoja alizaa njiani. Tuliamini. Msimu huu jemadari anaaga Ngome ya Mawe na chai yangu ikiwa jikoni, chai haijachemka ameshafika Bandari. Mimi nikitaka kufika Lushoto mjini mvua ikiwa imenyesha, naaga kama mtu anayekwenda Hija. Na wanajeshi elfu arobaini wamepanda mlima mzima, viatu havina hata tope! Hongereni. Nani aliwafutia? Mleteni Mlola, tuna kazi naye.

2. Chakula. Hao elfu arobaini wanakula nini? Msimu wa kwanza kulikuwa na mama mmoja anachimba mizizi pembeni ya kijiji. Msimu huu sijaona tuta wala jembe, wala kuku. Nchi nzima wanapigania taji, hakuna anayepalilia. Nawaambieni kwa uzoefu, ufalme huo hauna haja ya joka kuuangamiza. Ungojeni mwezi wa pili tu.

3. Kifo chenyewe. Sehemu ya tano, malkia anawekewa sumu na mdogo wake wa kumfuata, anainua kikombe, anakunywa, anasema "Aah", anaanguka. Basi. "Aah"! Mtu aliyeongea misimu mitatu na nusu, aliyewahi kulihutubia joka mpaka joka likasinzia, anakufa kwa herufi tatu. Yule mlinzi wa lango wa msimu wa kwanza, asiye na jina, mlimpa dakika nzima akawasimulia utoto wake. Mwanangu hata "mama" hakusema. Sijawahi kuona mtu anaumwa tumbo asimwite mama yake, na mimi nimeuguza wengi. Na kwa herufi tatu nitajuaje hali yake? Nimerudia kichwani mara nyingi, sijui kama ile "Aah" ilikuwa ya sumu au ya njaa.

4. Msiba. Amekufa jioni, asubuhi watu wamevaa nyekundu wanacheza ngoma. Hatukuona maiti ikioshwa wala kaburi, hakukuwa na mtu hata mmoja aliyekaa matanga. Majirani hawakuletewa habari. Mnasema hao ni watu wenye adabu za kifalme. Sawa. Huku kwetu hata mbuzi akifa tunaulizana.

5. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Siku ya gulio iliyofuata nilikuwa napanga kabichi zangu, Secilia akanipigia kelele toka kwenye mafungu yake ya karoti: "Mama Hidaya! Pole mwenzangu! Nasikia mwanao kapewa sumu, kafa mezani na kikombe mkononi!" Na mimi kwa hasira nilizokuwa nazo nikamjibu, "Kafa! Na aliyemuua ni mdogo wake mwenyewe!" Watu wa pale wanajua habari zetu, wakacheka sana. Mnunuzi mmoja wa karoti aliyetoka Bungu hakucheka. Alifunga gunia lake, akaondoka na habari.

Kesho yake mchana kaka yangu Omari alitokea kutoka Bungu na watu tisa. Walibeba unga, sukari na sufuria kubwa ya shughuli. Wanawake walikuwa wamejifunga kanga viunoni, wanalia kuanzia kule barabarani. Walikuwa wamempigia Hidaya njia nzima, hapatikani.

Ndugu Mkurugenzi, nilipotoka mlangoni nilijua kabisa kwamba aliyekufa ni Malkia Orena. Niliiona sehemu ya tano kwa macho yangu. Lakini Omari sijamwona akilia tangu tulipomzika mama yetu. Nikawaza, labda wao wanajua nisichokijua. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena. Nikakaa palepale kwenye udongo, nikalia nao.

Tulikaa hivyo kwa muda wa saa mbili nzima. Secilia alikuja mbio, safari hii hakuwa na utani. Alinishika mkono akaomba kwa Kikristo, Omari akaomba kwa Kiislamu, Baba Hidaya akawa anazunguka uani na simu ameinyoosha juu kama anatafuta mtandao mbinguni. Halafu ikaita. "Nipo salama mama, nakula. Simu iliisha chaji. Mbona unalia?"

Omari alifuta machozi, akaangalia mizigo yake, akasema, "Na huu unga?" Tukaupika. Tukala matanga ya mtu aliye hai, wengine wakaongeza. Lakini tangu siku hiyo nakaa na neno lake la kwenye simu peke yake, "nakula", na Alhamisi hakuna wa kunithibitishia. Watazamaji wengine wamepoteza malkia. Mimi mmenipokonya kipimo.

6. Malkia mpya. Huyo mdogo mtu aliyeua sasa ndiye amekalia kiti, na anaongea kama anatangaza mkutano wa kijiji. Simsemi vibaya binti mwenye ile sauti. Naye ana mama yake mahali, amekaa mbele ya televisheni kama mimi, na pengine ameshagundua kwamba mwanawe halali vizuri, maana mimi nimeshagundua.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima Malkia Orena afufuliwe. Msiniambie haiwezekani. Sehemu ya tatu mlimfufua farasi. Joka lilimpulizia puani akasimama akala nyasi, na farasi yule hakuwa na mtu Mlola. Kama pumzi ya joka imekwisha, basi arudi kama mzimu, azunguke kasri akisema sentensi tatu kila wiki. Nazipendekeza hizi: "Nimekula." "Nimekula wali na maharage." "Silali na feni." Zinaingia popote, hata vitani.

Kama mwenye hadithi huko ughaibuni amekataa katakata, mpeni Hidaya sauti nyingine yoyote. Mpeni joka. Mpeni kikongwe wa sokoni. Msomesheni utabiri wa hali ya hewa, hata akitukosea mvua sitalalamika. Mkishindwa kabisa, muwekeni akohoe nyuma ya pazia mara moja kwa wiki, nitaelewa.

Na kama mnadhani haya ni ya kwangu peke yangu, jueni kwamba sebule yangu ilikuwa inaingia watu kumi na nne. Alhamisi iliyopita tulikuwa watatu, na Baba Hidaya alikuwa amesinzia, kwa hiyo andikeni wawili. Secilia alibaki kwa huruma tu, anachambua maharage.

Namaliza hapa. Nawasalimia wote hapo kazini, mmoja mmoja: mlinzi wa getini, anayepika chai, mafundi wa mitambo, na wote wanaokaa na mwanangu kwenye kile chumba cha kurekodia kisicho na dirisha. Mwambieni mimi mzima. Aliyekiandika kile kifo naye nampa salamu, ila yake ni fupi: "Aah."

Wenu katika kutazama,

Mwajuma Nassoro,
mama yake marehemu.

N.B. Barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena kwa kisu cha jikoni. Jana mchana nikiwa naosha vyombo nikasikia mlangoni, "Hodi mama, marehemu nimekuja." Nikaangusha sufuria ya Omari, ambayo bado hajaja kuichukua.

Ni Hidaya, na begi lake. Anasema tangu malkia afe hana cha kusoma, mmempa mwezi mzima apumzike mpaka mmpatie mtu mwingine wa kumsemea. Amekonda, kama nilivyosikia sehemu ya nne. Nilipomuuliza juu ya kula, aliangalia chini, akasema siku nyingi alikuwa anasahau. Amesema mwenyewe, hapa hapa mbele yangu, bila simu. Sasa yupo jikoni, amemaliza sahani ya pili ya makande, anamfokea baba yake kwamba kuni ni mbichi na moshi umeingia kwenye chai. Ni sauti ileile ya kutangaza vita. Televisheni hata haijawashwa.

Kwa hiyo futeni namba ya kwanza mpaka ya sita, na habari ya mzimu pia. Nimekifikiria upya kifo kile, naona kimetulia, kina maana, na kile kikombe kilikuwa kizuri. Msimfufue. Mkimfufua kabla ya mwezi kwisha nitaandika barua nyingine, na hiyo haitakuwa na shikamoo.

Na yule malkia mpya, kama mna nafasi kwenye sehemu ya tisa, muueni naye. Mama yake anasubiri.