Mizani Tatu za Mwisho

Jumatatu, 2 Februari 1998

Mwalimu Waliaula ametangaza: Jumamosi darasa zima tunakwenda kung'oa gugu maji ziwani. Mwenye shairi bora ataghani mbele ya wageni. Mmoja tu! Lazima niwe mimi. Mpinzani ni Perez Amolo. Ana sauti, sikatai, lakini husema "sairi", na kwake sha na sa ni kina kimoja. Nimebandika chemshabongo yangu kwenye ubao wa Chama cha Kiswahili:

Godoro hili la nani, kijani juu ya maji?
Nauliza darasani, anijibu msemaji.

Jibu ni gugu. Akili nyingi kwa mtu wa kidato cha pili.

Jumanne, 3 Februari

Nimejibiwa! Karatasi mbichi, wino umevimba, harufu ya tope. Jina hakuna.

Tumelala humu ndani, kumi na moja wa mji,
Godoro letu laini, ila lalowana maji.

Vina vyangu vilevile! Perez ameapa si yeye. Namwamini, hana uwezo huo. Darasa zima limeapa. Basi jibu halina mwenyewe. Nimemwambia Mwalimu kwamba nimejijibu mimi mwenyewe. Akauliza hao kumi na moja ni nani. Nikasema timu ya mpira. Akacheka, akaacha ghafla, akafuta tope la karatasi vidoleni kwa leso. Mara mbili.

Jumatano, 4 Februari

Karatasi nyingine ubaoni. Mstari mmoja, tena umekatika:

Nafasi moja pembeni, tunamngoja

Hapo basi. Tone la maji. Mwalimu anasema nikimalizia, Jumamosi ni yangu. Zimebaki mizani tatu, kina ni ji. Kazi ya dakika moja.

Alhamisi, 5 Februari

Si ya dakika moja. Nilitaka kumweka Perez. Mizani mbili, na mwisho haufai. Amolo ni tatu, lakini inaishia lo. "Mlaji" inaingia, ila shairi linanuka hoteli. Nimehangaika mpaka saa ya chakula, ndipo nikaona. Fa-ra-ji. Jina langu! Limekaa kama kiatu cha kushonewa.

Nilipoliandika, wino ulitangulia kalamu. Kalamu nzuri hii.

Ijumaa, 6 Februari

Perez amenivuta kando. "Wewe, futa hiyo jina. Hiyo si sairi, hiyo ni barua. Huoni imeandikiwa wewe?"

Nikamsahihisha: shairi.

"Haya, enda na hiyo sh yako. Itakusaidia kuogelea."

Wivu.

Jumamosi, 7 Februari

Ushindi, kiasi. Nilisimama kwenye ubao wa kushukia mashua, gugu limejaa mpaka upeo wa macho. Nikaghani. Nilipotamka jina langu, gugu likaachana. Pengo moja, urefu wangu, upana wangu. Maji meusi. Wageni walirudi nyuma. Makofi yalitoka chini.

Nikainama kushukuru, kama msanii yeyote. Ubao ukateleza.

Kule chini kuna baridi, lakini watu wana adabu. Walisogea wakanipisha pembeni. Nilihesabu: kumi na moja. Nilikuwa nafungua mdomo nirudie ubeti wa kwanza, mkono ukanikamata kola. Perez! Akanivuta hadi nchi kavu akipiga kelele, "Yawa, jamani, nisaidieni! Anavutwa!" Amepoteza kiatu. Mimi nimepoteza hadhira. Sijamshukuru.

Jumapili, 8 Februari

Homa. Mama ameniambia nisitoke kitandani hata kama nyumba inaungua. Asubuhi nimekuta karatasi mbichi chini ya mto. Hadhira yangu! Wanasema hawajawahi kusikia mtu akighani vile. Na kwa kuwa ziwani nina mlinzi mwenye mikono migumu, wanaomba niwatungie njia ya kufika kwetu.

Hatimaye, watu wenye masikio!

Nimewatungia beti nne. Mtaa, kona ya msikitini, mlango wa buluu, kitanda kilicho karibu na dirisha. Kila kitu kimeingia kwenye mizani, hata jina la mbwa. Dirisha nimeliacha wazi, nisikie maoni yao.