Hewa Baridi ya Kwenda Sange

Jumatatu, 3 Julai 2023

Baba mkwe amepiga simu kutoka Sange. Mzee Nzeyimana hana maneno mengi. Kasema nije Jumamosi na watu wangu, tukae, tuzungumze habari ya Josée. Nisipokuja, wajomba zake watateremka Uvira kuchukua kitanda chake, masanduku yake na cherehani. Halafu akakata.

Josée ni mke wangu. Yuko kwao tangu Pasaka. Alisema amechoka kuolewa na mgongo. Maana yake, kila akinisemesha hunikuta nimeinama ndani ya kapo, chini ya kile kifuniko cha injini ya pickup. Si kweli. Mara nyingine huwa niko chini ya gari.

Nimelitafakari jambo hili mchana kutwa. Tatizo si mimi. Tatizo ni kwamba mara ya mwisho nilipokwenda ukweni, pickup ilizima mbele ya mashine ya mpunga. Mashemeji wakaisukuma mpaka uani, makapi yamewajaa vichwani. Mtu hawezi kudai mke baada ya kusukumwa. Safari hii niingie Sange kwa heshima.

Mpango: filtre ya sport, chujio la hewa kama la magari ya mashindano. Yuko muuzaji Bujumbura anaweka picha kwenye WhatsApp. Bomba linang'aa, na mwisho wake filtre nyekundu yenye umbo la koni. Anasema motere itapumua hewa baridi ya nje badala ya ile ya moto iliyofungiwa chini ya kapo, na gari itarudia ujana. Nimeagiza bila kumuuliza mtu. Wa kumuuliza yuko Sange.

Nimekula muhogo wa jana nimesimama mlangoni. Ukila peke yako hakuna haja ya kuketi.

Jumanne, 4 Julai

Placide amekuja. Ni jirani yangu, ana pickup mpya kuliko yangu na husafirisha nyanya za Kamanyola. Mimi hupeleka ndagala, dagaa wetu wa ziwani, huko huko. Watu hutulinganisha. Yaani, mimi hutulinganisha.

Amesikia habari ya Jumamosi. Mtaa wetu mzima wa Mulongwe umesikia. Akasema yeye na mkewe Consolate watanisindikiza. "Weye utanyamaza, minye nitasema." Ni kweli, ndiyo desturi. Mwanamume akienda kuomba mkewe arudi, hafungui mdomo. Huinamisha kichwa, na watu wake ndio humsemea. Lakini fikiria: Placide anisemee mimi! Mwaka mzima angenikumbusha. Nikamjibu watu ninao. Akauliza ni nani. Nikasema ni wengi mno kuwataja.

Alipoondoka nilipitia majina kwenye simu. Kaka yangu yuko Lubumbashi. Rafiki yangu Toussaint hatujasemezana tangu ugomvi wa kriki ya kuinulia gari. Kwaya niliiacha waliponiambia naimbia puani. Nikafika mwisho wa majina upesi kuliko nilivyotarajia. Nikaanza tena kutoka juu, pengine nilimruka mtu.

Sikumruka mtu.

Jumatano, 5 Julai

Mzigo umefika, umefungwa ndani ya gunia la nguo za mitumba. Bomba zima. Filtre nzima. Ila kichupa cha mafuta mekundu ya kupaka filtre kilikuwa kimevuja chote, sasa kuna mwenye mitumba ana sketi zenye nguvu za ujana. Karatasi ya maelekezo ni ya Kichina, lakini picha inaonyesha wazi: matone mekundu juu ya filtre.

Muuzaji hapokei simu. Jumamosi haingoji. Nikazunguka nyumba nzima nikifikiri, nikasimama jikoni. Pale pembeni, dumu la mawese aliloliacha Josée. Mawese safi ya Fizi. Mekundu, mazito, na yananata kama yale ya kwenye picha. Nikapaka filtre yote kwa brashi. Imependeza kiasi kwamba nilitamani mtu aione.

Alhamisi, 6 Julai

Kufunga. Boksi la filtre ya zamani limetoka kwa matusi na nyundo. Nikatoboa nafasi nyuma ya grili ili filtre ikae mbele kabisa, ipigwe na upepo. Bomba likaingia vizuri upande huu, upande ule likachomoka. Mkono mmoja ushike, mwingine ukaze kibano, na bisibisi iko chini. Nikasema, "Josée, shika hapa." Nikangoja. Nikangoja kweli, bomba mkononi, mpaka nikakumbuka.

Nimelifunga kwa mkanda wa suruali yangu huku nikikaza. Inawezekana kufanya kazi hii peke yako. Naiandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayeisema.

Nikawasha. Sauti nzito, ya kifuani! Nikapita ufukweni polepole ili wasikie. Wanawake wanaoanika ndagala wakafunika samaki wao kwa sababu ya vumbi na kunisema vibaya mpaka nilipopotea. Hata hivyo ndio watu waliozungumza nami kwa muda mrefu zaidi wiki hii.

Ijumaa, 7 Julai

Nimeosha gari. Nimepiga pasi shati. Nimefanya mazoezi ya kunyamaza na kuinamisha kichwa. Si magumu. Tangu asubuhi hakuna aliyenisemesha.

Jumamosi, 8 Julai

Nimefika Sange bila kusukumwa. Hilo liandikwe kwanza.

Uani walikuwa wamepanga mabenchi mawili yakielekeana. Upande wao: Mzee Nzeyimana, mama mkwe Pudentienne, wajomba, shangazi, na majirani waliojialika. Upande wangu: mimi na kreti ya bia. Nikaketi katikati ya benchi ili lionekane limejaa. Josée alikuwa mlangoni mwa jiko. Amekonda kidogo. Nilifurahi kumwona mpaka nikasahau mikono yangu iko wapi.

Mzee akakaribisha. Akauliza shida yetu ni nini. Mimi, kwa adabu, nikainamisha kichwa. Mjomba mmoja akakohoa. Nikainamisha zaidi. Kuku akapita kati ya mabenchi, wote tukamwangalia. Mwishowe mzee akauliza, "Mukwe wangu, unakuya na nani?" Kujibu ni kuvunja desturi. Nikanyoosha kidole, nikaonyesha pickup.

Nikaona hawajaelewa. Basi nikainuka, nikaingia ndani ya gari, nikawasha na kukanyaga mafuta mpaka chini. Nilitaka wasikie wenyewe kwamba mimi ni mtu aliyejirekebisha. Sauti ilikuwa nzuri. Lakini moshi ulikuwa mzito na wa buluu, na ulinukia mawese ya kukaanga. Harufu hasa ya maharagwe yanayoungwa. Ikaingia uani, ikavuka ua, ikashika barabara.

Watoto wa jirani wakaja na sahani. Nyuma yao mama zao. Shangazi mmoja akanisifu kwamba angalau nimekuja na karamu, akauliza sufuria ziko wapi zishushwe. Mama mkwe akazunguka gari mara mbili akizitafuta. Ilinibidi nifungue mdomo kusema kwamba hakuna chakula, ni filtre. Hivyo desturi nimeivunja, na kwa sentensi ile.

Mzee hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alingoja watoto waondoke na sahani zao, kisha akaniambia taratibu, "Mutoto wangu, siye tunasemaka na bantu. Hatusemake na motere." Akasema kitanda cha Josée kitangoja Jumamosi nyingine moja. Nije na mtu. Hata mmoja anatosha.

Jumapili, 9 Julai

Jana sikumaliza. Kurudi kulikuwa na dosari ndogo.

Vumbi la barabara lilinata kwenye mawese. Makapi ya mpunga wa Sange yakanata kwenye vumbi. Nilipokaribia Runingo motere ilikuwa inavuta pumzi kama mgonjwa, kisha ikazima. Nikafungua kapo. Filtre imekuwa bonge la ugali mwekundu. Nikaketi kando ya barabara na kutazama shamba la mtu. Mabasi yalipita. Niliwapungia abiria mkono kana kwamba nimesimama kwa kupenda.

Aliyesimama ni Placide, akitoka Kamanyola na mkewe na nyanya. Hakucheka. Hakuuliza chochote. Alitoa kamba, akafunga, akanivuta mpaka nyumbani. Nilimwachia tu ili naye apate furaha kidogo. Njia nzima nilikuwa nyuma ya usukani nikitazama kisogo chake na cha Consolate. Walikuwa wanazungumza. Hata sikumbuki lini nimemwona mtu akizungumza ndani ya gari.

Jumanne, 11 Julai

Siku njema sana. Josée amepiga simu! Mwenyewe, kwa simu yake.

Kaanza kuuliza kama nimekula. Nikamwambia filtre nimeiosha kwa petroli na imerudi kuwa kama mpya. Akasema hakuuliza filtre. "Weye, uko muzima?" Nikamwambia kosa si langu, ni kichupa kilichovuja, na muuzaji ameahidi kingine. Akanyamaza kidogo. Nafikiri alikuwa anawaza kuhusu kichupa.

Kisha akasema amempigia Placide yeye mwenyewe, kamwomba, na Placide amekubali kuja nami Jumamosi kunisemea. Sauti yake ilikuwa ya chini, hakutaka wa kwao wasikie. Akasema nikija na Placide tu, mzee ataridhika, na yeye masanduku yake yamefungwa tayari, jioni ile ile tutarudi wote Uvira.

Nikamshukuru. Nikamweleza, kwa upole kabisa, kwamba jambo hilo haliwezekani. Placide ni mtu mzito. Ukiweka mwili kama ule kwenye kiti cha mbele, faida yote ya hewa baridi imekwisha, nitafika Sange kama zamani. Nikamwambia asihangaike, motere ikipata mafuta yake halisi mzee atasikia tofauti. Nikaanza kumweleza jinsi hewa baridi inavyokuwa nzito kuliko hewa ya moto.

Akasema, "Haya." Halafu hakukusikika tena kitu. Nilipopiga, simu haikupokelewa.

Mtandao wa Uvira ni wa kusikitisha. Kesho nitapanda mlimani Kasenga, huko huwa unashika vizuri, nimmalizie sehemu ya vibano.