Kadi Kubwa, Kadi Ndogo na Mita ya Mzee Dauda

Jumatatu, 9 Julai 2007
Baridi kali Karatu. Habari kali zaidi. Mzee Dauda, mwenye nyumba, amesema kuna mtu anamaliza umeme: ama mimi na kompyuta yangu ya gemu, ama Zulfa wa saluni, fremu ya pili. Ijumaa anaamua. Atakayeonekana mlaji anahama. Nihame mimi! Wateja wote wako hapa! Basi nitapima. Nina kadi mbili za picha, zile zinazochomekwa ndani ya kompyuta ili gemu ionekane vizuri. Naweka moja moja, nahesabu alama nyekundu ya kisahani cha mita yetu ya pamoja inapita mara ngapi kwa dakika tano. Inayokula kidogo ndiyo mwokozi wangu. Zulfa hajui kitu.

Jumanne, 10 Julai
Kadi kubwa yenye feni: mara 7. Kadi ndogo: 41! Nimesugua macho. Nikatoa kadi zote: 72! Yaani inakula zaidi ikiwa haina kitu tumboni? Kichwa kinauma. Zulfa akapita, akauliza mbona nimeganda ukutani kama mjusi. Nikasema natazama ufa. Akarudi mbio kwa maharusi wake, madraya yote mawili ya kukaushia nywele yakiunguruma. Hana udadisi kabisa, yule dada.

Jumatano, 11 Julai
Huenda nilihesabu vibaya. Nimemwomba Parsimei, mlinzi wetu, mtu wa Nainokanoka, ahesabu yeye. Waliokua wakichunga ng'ombe wana jicho. Baada ya dakika tano nikauliza ngapi. Akasema moja. Eti kwao ng'ombe mmoja akizunguka boma kutwa, jioni bado ni mmoja. Kisha akaongeza, kwa upole, kwamba draya ya Zulfa ikiunguruma kisahani hukimbia, ikinyamaza hutembea. Nikamwelimisha kwamba kelele hazili umeme. Akasema haya, akaenda kunywa chai.

Alhamisi, 12 Julai
Nimeelewa! Feni ya kadi kubwa inapuliza umeme, unarudi kwenye waya. Kadi ndogo haina feni, umeme unaingia tu. Ile 72 ya bila kadi bado inanichanganya. Nimeandika sababu: hasira. Yote yako kwenye karatasi ya manila, kwa kalamu nyekundu, na sahihi yangu: Edgar, Mtafiti.

Ijumaa, 13 Julai
Wote mbele ya mita. Zulfa alizima madraya, akaja na wateja wake, rola vichwani. Kadi kubwa: 7. Nikajipigia makofi. Kadi ndogo: 6. Ala! Bila kadi: 5. Nikaigonga mita. 5. Sielewi! Mzee Dauda akakuna kidevu, akamtuma Zulfa awashe draya. Kisahani kikaanza mbio. Mzee akasema basi, mlaji kajulikana, saluni ihame. Zulfa machozi tele.

Hapo mtu mwingine angenyamaza. Lakini jasho langu la siku nne? Nikafunua manila. Nikaeleza kwamba draya inasingiziwa. Ni kompyuta yangu, imekaa muda mrefu bila kadi, imepandwa na hasira. 72, sahihi ipo. Mzee Dauda akasoma mara mbili. Akasema aliyekiri kwa maandishi hahitaji shahidi, nihame mimi. Zulfa akanishika mikono yote miwili, akaniombea heri. Parsimei akafunika uso kwa shuka. Imeniuma sana. Angalau utafiti umeheshimiwa.

Jumatatu, 16 Julai
Nimepata chumba mtaa wa nyuma. Mita moja na mashine ya kusaga ya mama Lusia. Nimechomeka kadi kubwa, nikaenda kupima. Kisahani kinazunguka hadi alama haionekani! Nimewaza saa nzima. Jibu moja tu: feni nimeifunga kinyume, inavuta badala ya kupuliza. Nikaigeuza. Wakati huohuo mama Lusia akazima mashine, akaenda kula. Nikakimbilia mita. Kisahani kimetulia tuli! Nilijua.