Ombi la Kusitishiwa Jamu ya Krismasi

Kwa Mama Mkwe,
Jikoni kwako.

Shikamoo Mama,

YAH: KUSITISHWA KWA JAMU YA NANASI YA KRISMASI

Natumaini hujambo, na kwamba barua hii itakukuta umekaa. Kama umesimama jikoni, tafadhali tafuta kiti kwanza, maana kusimama kwako ni sehemu ya malalamiko yenyewe na hilo nitalifikia huko chini.

Mama, umemtuma shemeji, mwanao wa mwisho, aniulize kama mwaka huu bado tunaitaka jamu, au wakati umefika wa wewe kuweka mwiko chini. Umesema unataka jibu kabla hujanunua mananasi, tena jibu fupi. Nimejaribu kulifupisha nimeshindwa, kwa sababu nina mambo moyoni tangu nilipomwoa binti yako. Jibu langu ni kwamba jamu isimame. Nisingependa uone nimekurupuka, kwa hiyo naeleza sababu kwa namba, kama ninavyofanya karakanani nikipata mteja mbishi. Ladha ya jamu sitaizungumzia kabisa, isije ikanipunguzia hoja.

1. Sikuelezwa utaratibu. Krismasi ya kwanza baada ya harusi ulitupatia chupa ndogo ya jamu iliyofungwa utepe mwekundu. Tulipoimaliza niliiosha kwa maji ya moto, nikaianika juani, nikaifunga kwenye gazeti na kukurudishia kwa mikono miwili, kama nilivyolelewa. Ukaifungua, ukachungulia ndani, ukapiga kigelegele. Nilidhani umefurahia usafi wangu. Kumbe nyumbani kwako chupa ikirudi na kitu ndani, hata karanga za kiganja kimoja, maana yake ni asante, tumeshiba. Ikirudi tupu, maana yake ni leta nyingine, tena kubwa zaidi. Ukoo mzima unalijua hilo. Mimi nimekuja kulijua wakati chupa ndogo imeshakuwa chupa kubwa, chupa kubwa imekuwa kopo la maziwa ya unga, na kopo limekuwa ndoo yenye mfuniko. Na kila mwaka nilikuwa nazidisha sabuni.

2. Binti yako alijua. Huyu ni shahidi wangu na papo hapo ni mtuhumiwa. Nilimwuliza kwa nini alinitazama miaka yote hiyo nikisugua vyombo vya mama yake bila kutamka neno. Akasema aliona nasugua kwa moyo, akaogopa kunikatisha. Mama, anayekula jamu ile kwa kijiko, bila mkate, amejibanza nyuma ya mlango wa jikoni, ni yeye, si mimi.

3. Nilijaribu kurekebisha mambo mkanikatalia. Mwaka jana nilioka biskuti kwa mikono yangu mwenyewe, nikaijaza ndoo mpaka juu, nikasema sasa yamekwisha. Najua zilikuwa ngumu kidogo. Najua Baba alipata shida na jino, na pole nilimpa palepale. Lakini kukaa kikao, wewe na Baba na shemeji, mkaamua kwamba ndoo yenye vitu visivyotafunika ihesabiwe kuwa tupu, huo si uungwana. Mbona biskuti hizohizo mpaka leo mnazitumia kuzuia mlango wa uani usibamizwe na upepo?

4. Shati langu. Kila chupa unayogawa unaivika kofia ya kitambaa, na vitambaa unavitoa unakojua wewe. Pazia la sebuleni kwako linazidi kuwa fupi kila Krismasi, na majirani karibu watajua mnakula nini. Hilo ni lenu, siliingilii. Mimi nazungumzia shati langu la kijani nililolisahau kwako siku niliyolala huko. Nilipoliulizia mkanijibu litaonekana. Limeonekana, Mama. Krismasi iliyofuata kola aliipata jirani yako, mgongo waligawana ndugu wa upande wa Baba, na mfuko wa kifuani, bado na kifungo chake, ulikuwa juu ya chupa ya mchungaji. Alinishukuru mbele ya kanisa zima kwa moyo wangu wa kujitoa. Nilipigiwa makofi nikiwa nimeinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

5. Kazi yangu imevurugika. Unajua mimi ni fundi friji. Friji yetu ya nyumbani ilipojaa jamu, nyingine niliigawa kwenye chupa nikazihamishia kwenye friji za wateja, zile zilizokwisha kupona zikawa zinasubiri wenyewe. Siku moja sipo, mwalimu mkuu akaja kuchukua ya kwake akaondoka nayo na jamu ndani. Haikupita wiki akairudisha, eti haigandishi. Nikaifungua, nikapima gesi, nikasikiliza mota, nzima kabisa. Nikamwuliza tatizo liko wapi hasa. Akajikuna, akazungukazunguka, mwisho akasema tatizo ni kwamba ukiifungua unakuta hamna kitu. Mtu mzima, tena mwenye shule yake! Akamwambia muuza nyama. Muuza nyama akamwambia mpiga picha. Sasa hivi karakana imejaa friji zisizo na ugonjwa wowote, zimeletwa kulazwa, na zile zinazoumwa kweli ziko nje zinanyeshewa. Watoto wa mtaa huu wananiita Baba Jamu. Nimesomea umeme na ubaridi, nina cheti ukutani, na naitwa Baba Jamu.

6. Magoti yako. Hapa sitanii. Shemeji ameniambia kwamba mwaka jana ulikoroga ukiwa umeegemea ukuta, na ulipotoka jikoni kwenda kukaa ulishika meza, kisha kabati, kisha bega lake. Hukutuambia. Sisi tulikuwa tunakula na kusifu tu. Mama, imeniuma, na bado inaniuma. Ndoo ile niliyokuwa naing'arisha, kumbe kila nilipoisugua nilikuwa nakuongezea muda wa kusimama jikoni.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mwaka huu ununue biskuti za dukani, zile za kopo ambazo hakuna anayezipenda. Biskuti hizo zina faida kubwa. Unazipokea, unashukuru, unaziweka juu ya kabati, na Krismasi inayofuata unampa mtu mwingine. Kopo moja tu linaweza kuzunguka ukoo mzima bila kufunguliwa. Hakuna goti litakaloumia, hakuna shati litakalopotea, na hakuna mwalimu mkuu atakayebeba friji nzima kuvuka mji kwa ajili yake. Hivyo ndivyo wanavyoishi watu waliostaarabika.

Nitafurahi ombi hili likikubaliwa kabla mananasi hayajaanza kunukia sokoni. Nisalimie Baba, na jino lake nalitakia nafuu. Msalimie shemeji, jirani mwenye kola yangu, ndugu wote wenye mgongo wangu, na yeyote atakayekuuliza habari zetu. Wajukuu zako hawajambo, wanaulizia Krismasi ni lini, na mimi najifanya sijasikia.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Fundi Friji

Nakala:
Baba Mkwe (shemeji amsomee, namba 3 airuke)
Mchungaji (jamu ale, kifungo anirudishie)

Nyongeza: Mama, nimelazimika kuifungua tena bahasha. Shemeji alikuja kuchukua barua hii pamoja na ndoo yako. Nilikuwa nimeijaza karanga za kukaanga, laini, hata Baba angezitafuna, ili shauri hili liishe rasmi. Shemeji alipoinyanyua, binti yako aliitazama ndoo ikitoka mlangoni, kisha akageuka akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nikamwita shemeji arudi, nikazimimina karanga zote kwenye sinia. Ndoo inakuja tupu. Nimeiosha upya, usije ukadhani ni makosa. Mananasi nunua, ila chonde chonde sufuria usiiguse. Jumamosi nafunga karakana nakuja kukoroga mwenyewe, na wewe utakaa kwenye kiti unifokee. Biskuti sitaoka. Nitakuja nimevaa lile shati la mistari juu ya fulana, na wakati wa kuondoka nitalisahau.